Mwalimu wa Shule ya Msingi na Njia ya Chuo Kikuu

Mwanachuo apelekwaye kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi ya kufundisha katika kata kama Endabash, wilayani Karatu, hamalizi juma kabla ya kuonyeshwa mtoto mmoja. Ni mtoto ambaye mkono wake hauteremki wakati wa maswali, ambaye madaftari yake ni safi, na ambaye walimu wote wamekwisha kubaliana juu yake: "Huyu atafika Chuo Kikuu." Mwanachuo naye humweka mbele, humpa maswali magumu, na aghalabu huondoka mwisho wa mazoezi akimfahamu mtoto huyo kuliko wenzake wote waliobaki darasani.

Kauli hiyo ni ya heri. Haja ya kumwona mtoto wa mkulima akifika mbali ni haja njema, na mwalimu asiyekuwa nayo amekosa jambo kubwa katika kazi yake. Hata hivyo yatupasa kuichunguza, maana ndani yake mna fikira ambayo kwa maoni yetu imewadhuru watoto wengi zaidi ya wale iliowafaa.

Mji wa Karatu uko kwenye barabara iendayo Ngorongoro. Wageni hupita huko kila siku, na wako miongoni mwao wanaopenda kumsomesha mtoto. Kwa sababu hiyo pamejengeka katika baadhi ya shule desturi ya kuwa na mtoto wa kuonyeshwa. Hatuna ugomvi na wafadhili. Wako vijana waliosoma kwa msaada wao na leo ni watu wa manufaa. Ugomvi wetu ni na fikira ya kwamba kumsaidia mtoto afike Chuo Kikuu maana yake ni kumteua mmoja, kumtafutia fedha, kisha kungoja. Sisi twaona kwamba kazi ya mwalimu wa shule ya msingi si kumbeba mtoto mmoja mgongoni. Kazi yake ni kufyeka njia ambayo yeyote darasani aweza kuipita. Na njia hiyo haikatiki kwenye lango la Chuo. Hukatika mapema, mahali ambapo mwenye panga mkononi ni sisi walimu.

Mlango umepanuka

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza tarehe 25 Oktoba, 1961, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Katika miaka hiyo nafasi za sekondari zenyewe zilihesabika kwa vidole, na mwalimu wa darasa la saba alijua kwamba wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakimaliza masomo siku ile ile walipomaliza mtihani. Kwa hiyo "Elimu ya Kujitegemea" ya mwaka 1967 ilikuwa na haki kusisitiza kwamba shule ya msingi itoe elimu iliyo kamili yenyewe, isiwe ukumbi wa kungojea sekondari.

Hali ya leo ni nyingine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kuondolewa. Baada ya mwaka 2004 shule za sekondari za kata zilijengwa nchini kote. Tangu Januari 2016 ada haitozwi katika shule za serikali mpaka Kidato cha Nne, na tangu mwaka 2022 haitozwi Kidato cha Tano na cha Sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ilianza kazi Julai 2005. Aidha Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari.

Basi mlango umepanuka, nasi twashukuru. Lakini mlango mpana haumfai mtu ambaye njiani amekutana na mto usio na daraja. Yeyote anayeifahamu Endabash anawajua vijana waliokuwa na akili ya kutosha, ambao hawakuufikia mlango huo. Tukiuliza waliachia wapi, mara nyingi jibu halitupeleki kwenye ofisi ya Bodi ya Mikopo. Hutupeleka darasa la tatu, hutupeleka kwenye rejesta ya shule, hutupeleka kwenye miezi ile ambayo mtoto hana mwalimu wala ratiba.

Nchi ya Mexico ina jambo la kutufunza hapa. Mwaka 1997 serikali ya huko ilianzisha mpango ulioitwa Progresa, wa kuzipa familia maskini za vijijini fedha kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule. Wenye mpango huo hawakuanzia kwenye lango la chuo kikuu. Waliuliza kwanza mtoto wa kijijini anaachia wapi masomo. Fedha zikaanza kutolewa tangu darasa la tatu, zikaongezeka kadiri mtoto alivyopanda madarasa, na katika sekondari msichana akapewa zaidi ya mvulana, kwa kuwa hapo ndipo wasichana walipokuwa wakiachia njiani. Mpango huo ulibadilishwa majina mara mbili na ukasimamishwa mwaka 2019, lakini fikira yake ilienea katika nchi nyingi. Hata hapa kwetu, mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini hutazama mahudhurio ya mtoto shuleni. Fikira yenyewe ni nyepesi: kwanza jua mahali njia inapokatika, kisha peleka msaada hapo. Mwalimu hana fedha za serikali, lakini fikira hiyo aweza kuitumia bila senti moja.

Lugha tatu katika kichwa kimoja

Mahali pa kwanza njia inapokatika ni lugha. Watoto wengi wa Endabash huja shuleni na Kiiraqw. Wakienda upande wa Ziwa Eyasi walimu wenzetu hukutana na watoto wa Kidatoga, na wengine wa Kihadzabe. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi. Si ndugu ya Kiswahili kama vile Kisukuma au Kichaga vilivyo. Majina ya Kiiraqw hugawanyika kwa jinsia: ya kiume, ya kike, na aina ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Kiswahili hakina habari ya jinsia. Kina ngeli zake. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili asemapo "kitabu yangu", mwalimu asimhesabu kuwa mzito wa akili. Mtoto huyo anavuka kutoka mfumo mmoja wa lugha kwenda mwingine, na anavuka kwa miguu yake mwenyewe.

Miaka michache baadaye mtoto huyo huyo huingia Kidato cha Kwanza, na hapo masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Basi kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano ametakiwa kujenga nyumba yake ya elimu juu ya misingi mitatu. Msingi wa pili ukiwa dhaifu, wa tatu hauwezi kusimama. Mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa Kiswahili sababu ya maji kuchemka hataweza kuieleza kwa Kiingereza. Atakariri tu, na kukariri humfikisha mtu Kidato cha Pili, hakumfikishi mbali zaidi.

Mwalimu afanye nini? Kwanza, asimwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya nyumbani kwao. Zamani katika baadhi ya shule mtoto aliyeteleza alivikwa kipande cha ubao shingoni, na alichojifunza ni kunyamaza. Mtoto anyamazaye hajifunzi lugha yoyote. Tumwache azungumze na mwenzake kwa Kiiraqw anapolitafakari swali, kisha tumtake atoe jibu kwa Kiswahili, kwa sentensi nzima.

Pili, tuulize maswali yenye "kwa nini" na "umejuaje". Swali ambalo jibu lake ni neno moja hutupa raha ya kusikia darasa zima likiitikia, lakini ndani ya sauti ile ya pamoja hujificha watoto ishirini wasioelewa. Heri kuuliza maswali matatu katika kipindi na kusikia watoto watatu wakieleza, kuliko kuuliza thelathini na kuitikiwa na kwaya.

Tatu, tuwe na dakika kumi za kusoma kimya kila siku, kuanzia darasa la tatu. Wako watakaouliza, vitabu viko wapi? Hata ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada, hata gazeti la wiki iliyopita, hata hadithi aliyoiandika mwalimu mwenyewe kwa kalamu na kuibandika ukutani, vyatosha kuanza. Elimu ya juu kwa sehemu kubwa ni kusoma peke yako jambo usilolielewa mpaka ulielewe. Mtoto ambaye hajapata kusoma ila kwa kumfuata mwalimu kwa sauti hajaonja kazi hiyo.

Nne, katika madarasa ya juu kila mtoto awe na daftari dogo la istilahi. Akijifunza neno "usanisinuru" katika sayansi, au "sehemu" katika hisabati, aliandike, alieleze kwa maneno yake, na kando yake aandike jina lake la Kiingereza. Daftari hilo asiliache shuleni amalizapo. Aende nalo sekondari. Tumeona kwamba mtoto aingiaye Kidato cha Kwanza akiwa na maneno mia mbili ya masomo yake hashtuki siku ya kwanza, na mtoto asiyeshtuka siku ya kwanza hubaki.

Na tunapotaja hisabati tuongeze neno moja. Kwa miaka mingi wengi wa watahiniwa wa Kidato cha Nne wamekuwa wakishindwa somo hilo, na ashindwaye huona milango ya uhandisi, ya udaktari na ya kilimo cha kisayansi ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Kushindwa huko hakuanzi Kidato cha Nne. Huanza siku ile mwalimu wa darasa la nne anapoyapita mafungu ya sehemu kwa haraka kwa sababu mtihani umekaribia.

Jina la mtoto

Mahali pa pili ni padogo, na kwa udogo wake hupuuzwa. Ni jina la mtoto katika rejesta.

Majina ya Kiiraqw yana sauti ambazo huandikwa kwa q, x, hh, tl na sl. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine huyaandika jinsi sikio lake linavyomwelekeza. Jina kama Qwaray huwa Kwarai katika kadi ya kliniki, Qwarai katika rejesta, na Kwaray katika orodha ya mtihani. Au jina la babu huwekwa mwaka mmoja na kuachwa mwaka wa pili. Siku hiyo hakuna anayeumia. Maumivu huja miaka kumi baadaye, kijana aombapo mkopo wa elimu ya juu. Hapo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina lililomo lilingane na lile la vyeti vya mitihani. Aliyefiwa na mzazi hutakiwa pia cheti cha kifo. Yasipolingana, huanza safari za kwenda mjini, hati za viapo mbele ya wakili, na nauli ambayo mzazi alikuwa ameiweka kwa ajili ya godoro na madaftari. Wakati huo huo siku za maombi zinahesabika.

Kwa hiyo twamshauri mwanachuo ayachukue haya kuwa sehemu ya ualimu, asiyaone kuwa ni ukarani mtupu. Siku ya uandikishaji amtake mzazi aje na cheti au kadi ya kliniki, na aliandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo humo. Amsomee mzazi kwa sauti alichoandika. Ayaandike majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule kila mwaka. Kabla ya kupeleka orodha ya upimaji wa darasa la nne, na hasa kabla ya ile ya mtihani wa kumaliza, amwite kila mtoto alitazame jina lake mwenyewe na kulithibitisha. Watoto wasio na cheti cha kuzaliwa awaorodheshe, na orodha hiyo aifikishe kwa mtendaji wa kijiji na katika mkutano wa wazazi, tena na tena, mpaka ipungue. Kazi hii haihitaji mfadhili. Yahitaji kalamu, uangalifu, na heshima kwa jina ambalo mtoto alipewa na wazee wake.

Miezi ya kungoja

Mahali pa tatu, ambapo kwa maoni yetu ndipo watoto wengi zaidi hupotea, ni katika miezi isiyo na shule. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa Septemba, na Kidato cha Kwanza huanza Januari. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa Novemba, na Kidato cha Tano huanza Julai. Wa Kidato cha Sita hufanywa Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au baadaye. Anayetaka kwenda kutoka darasa la saba mpaka Chuo Kikuu hana budi kuivuka mito hii mitatu ya kungoja, na katika kila mmoja hayuko mikononi mwa mwalimu yeyote.

Kijiji hakingoji. Mvua za vuli zanyesha na jembe linataka mkono. Mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yanataka vibarua, na kijana aliyepata ujira wa kwanza maishani mwake huiona shule kuwa hasara. Shangazi aliyeko Arusha anataka msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani. Mchumba naye huja wakati huo huo, maana anajua kwamba binti hana sare tena. Tangu mwaka 2016 sheria yetu ya elimu imetoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Lakini sheria humwadhibu mkosaji baada ya tendo. Mlinzi wa kabla ya tendo ni mtu aliye karibu.

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliye karibu. Twapendekeza mambo matatu. Mosi, kabla ya mtihani awaeleze wazazi kalenda yote: matokeo yatatoka lini, uchaguzi utatangazwa lini, mtoto ataripoti lini, na atatakiwa kuwa na nini. Mzazi anayejua tarehe huweka akiba. Asiyejua hushtukizwa na kusema "mwakani". Pili, wahitimu wa darasa la saba waalikwe shuleni siku moja kwa juma, wasome Kiingereza kidogo na kuwasaidia wadogo wao kusoma. Faida kubwa ya siku hiyo ni kwamba asiyefika huonekana kuwa hakufika, na mwalimu huuliza yuko wapi. Tatu, orodha ya waliochaguliwa itokapo, mwalimu asidhani kwamba imefika kila nyumba kwa sababu imewekwa kwenye mtandao. Aibandike penye ofisi ya kijiji, na nyumba za mbali azitumie ujumbe kwa mdomo wa mtoto jirani.

Msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya kujifungua naye asisahauliwe. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi katika shule za kawaida. Wengi hawajui, au wanajua na wanaona haya. Neno la mwalimu mmoja, likisemwa kwa upole mbele ya mama yake, laweza kumrudisha darasani.

Kuzungumza na mzazi

Mwanachuo asiingie katika nyumba ya mkulima kama anayekwenda kumwondolea ujinga. Mzazi wa Endabash aulizapo, "Mwalimu, mtoto wa jirani ameuziwa ng'ombe wanne, amerudi na shahada, hana kazi, na jembe limemshinda, wangu nimpeleke ili iweje?", hilo ni swali la mtu mwenye akili. Tusilijibu kwa ahadi. Ahadi ya ajira si yetu kuitoa, na ikivunjika huvunja imani ya kijiji kizima kwa shule.

Tuseme yaliyo kweli. Tuseme kwamba ada ya sekondari ya serikali haipo, lakini sare, chakula na mahali pa kulala vyahitaji fedha, na kiasi chake ni kadha wa kadha. Tuseme kwamba mkopo wa serikali upo, kwamba hutolewa kwa kutazama uhitaji, na kwamba ni deni litakalolipwa. Tuseme pia kwamba njia si moja. Wako wafikao Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita, na wako wanaopitia astashahada na stashahada, wakafanya kazi, kisha wakaendelea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na walimu wengi wamepata shahada humo bila kuacha madarasa yao. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kwa miaka kadhaa kijana wa Kidato cha Sita alitakiwa kwanza afanye kazi ndipo aombe Chuo Kikuu, na wengi walifika wakiwa watu wazima. Kuchelewa si kushindwa.

Na tumwombe mzazi kitu kimoja tu anachoweza kukitoa: muda. Saa moja ya jioni ambayo mtoto hachungi, hachoti maji wala halei mdogo wake. Msichana hasa ahesabiwe saa hiyo, maana yeye ndiye humaliza kazi wa mwisho.

Hoja za wanaopinga

Wako watakaosema kwamba twaipinga "Elimu ya Kujitegemea" kwa kumfanya mwalimu wa shule ya msingi aitazame Chuo Kikuu. Twajibu kwamba hakuna hata moja kati ya tuliyoyashauri linalomfaa aendaye Chuo Kikuu peke yake. Mtoto ajuaye kusoma kimya, kueleza sababu, kupiga hesabu za sehemu, na mwenye cheti chenye jina sahihi, atakuwa mkulima bora, fundi bora na mjumbe bora wa serikali ya kijiji. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kufyeka njia na kumbeba mmoja: njia iliyofyekwa huwafaa hata wale wanaoishia katikati yake.

Wako watakaosema kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto aliyeteuliwa. Ni kweli kwamba inasimuliwa jinsi mtemi mmoja alivyomwona kijana Kambarage akicheza bao, akatambua akili yake, na kushauri apelekwe shule. Akaingia Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, kisha Tabora, Makerere, na Edinburgh. Lakini wakati ule viti vilikuwa vichache, na asiyeteuliwa hakuwa na nafasi. Yeye aliyeteuliwa, alipopata uwezo, hakujenga nchi ya kuteua watoto wa kucheza bao vizuri. Aliongoza taifa katika juhudi za elimu ya msingi kwa wote, ambayo lengo lake lilikuwa mwaka 1977. Naye ndiye aliyewafananisha wasomi, katika miaka ya 1960, na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta kingine. Kijana aliyelelewa peke yake kama johari ya shule hawezi kulielewa fumbo hilo. Aliyesoma pamoja na wenzake atalielewa.

Wako pia watakaosema kwamba ni rahisi kumtambua atakayefika. Sisi hatuamini. Wazee wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake mpaka miaka ya 1990, wanamkumbuka John Stephen Akhwari. Katika mbio za marathoni za Olimpiki, huko Mexico City, Oktoba 1968, aliumia goti njiani, likafungwa, akaendelea, akaingia uwanjani giza likiwa limekwisha tanda, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Aliyekuwa akitafuta mshindi hakuwa na sababu ya kumtazama. Madarasani mwetu wamo watoto wa namna hiyo: wanaochelewa kusoma, wanaougua muhula mzima, wanaorudia. Mwalimu aliyekwisha mteua wake hatawaona.

Mwisho watasema kwamba darasa lina watoto wengi mno, na mwalimu ni mmoja. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nasi hatuidharau. Lakini tutazame tuliyoyashauri: dakika kumi za kusoma, maswali matatu ya "kwa nini", orodha ya majina iliyokaguliwa, kalenda iliyotangazwa, siku moja ya juma kwa wahitimu. Wingi wa watoto haumzuii mwalimu kuyafanya haya. Wingi wao ndio unaoyafanya yawe ya lazima.

Hitimisho

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule, huenda ukaonyeshwa mtoto wa kupelekwa Chuo Kikuu. Mpokee kwa furaha, umfundishe vema. Kisha fungua rejesta, uyasome majina yote kwa sauti, na umwulize kila mtoto kama umelitamka jina lake sawasawa. Fanya hivyo siku ya kwanza, maana miaka kumi na mitatu ijayo, mbele ya dirisha la ofisi fulani mjini, mmoja wao ambaye leo hakuna anayemjua atatoa cheti chake na kuambiwa: majina yamelingana.